Barua Moja katika Faili ya Sista Mutanu

Inatangazwa kwa wafanyakazi wote wa Hospitali ya Misheni ya Kyamithenge, walio zamu na walio likizo, wa wodini, wa jikoni na wa kufua nguo, kwamba kile kiti chenye mto wa kijani katika chumba cha rekodi hakitakuwa na mwenyewe kuanzia Jumatatu ijayo. Wanaokitamani wasijisumbue. Mwenyewe amesema kiti anatuachia, mto anaenda nao.

Mwenyewe ni Sista Mutanu Mbuvi, anayestaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025 baada ya miaka thelathini na minane ya kazi: tisa akiwa muuguzi wodini, na ishirini na tisa akiwa mtunza rekodi. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu wake. Walioombwa kwanza walikuwa na shughuli, kwa hivyo kazi ikaniangukia mimi, Mulinge wa wodi ya wazazi, ambaye ripoti zangu za zamu zinajulikana kwa urefu. Matroni aliwahi kuniambia kwamba mgonjwa wangu mmoja alipona akaenda nyumbani kabla sijamaliza kuandika jinsi alivyolala.

Sista Mutanu ni mzaliwa wa Mbumbuni. Alisomea uuguzi Kitui, akafika kwetu mwaka wa 1987 na sanduku la bati na kofia mbili nyeupe zilizopigwa wanga mpaka zikasimama zenyewe mezani. Siku hizo sindano zilikuwa za kuchemshwa, na nesi mgeni ndiye aliyezinoa kwenye jiwe. Maji yaliletwa na punda aliyejua njia kuliko mwenye punda. Nesi akitaka likizo ya Krismasi aliomba mwezi wa Machi, na bado alinyimwa. Sista anasema alikula Krismasi sita mfululizo katika wodi ya wanaume, na kwamba wagonjwa wa Krismasi hawana shukrani, wanauliza pilau iko wapi.

Mwaka wa 1996 dereva mmoja wa lori aliyeletwa kutoka Emali aliteleza akishuka kitandani. Alikuwa mtu mkubwa. Sista alimdaka. Dereva hakuumia hata ukucha, lakini mgongo wa Sista haukurudi ulivyokuwa, na hospitali ikamhamishia chumba cha rekodi apumzike. Alikuta kadi za wagonjwa zimetiwa ndani ya magunia, na mchwa wakiwa wamefika katikati ya herufi K. Hakupumzika.

Kazi yake iliyotufanya tujulikane mpaka Kitui ni ya majina. Mtoto wa Kikamba hupewa jina siku ya tatu, na huko kwetu mama anatoka hospitali siku ya pili. Basi rejista ya wazazi ilikuwa imejaa watoto wasio na majina: mtoto wa kike wa Mbithe, mtoto wa kiume wa Mbithe mwingine, mtoto wa Mbithe wa karibu na kinu. Miaka kumi na minane baadaye mtoto anakuja akitafuta kitambulisho, ameambiwa alete ushahidi wa alikozaliwa, na sisi tunamwonyesha akina Mbithe saba achague. Sista Mutanu akaanza kukaa kwenye kliniki ya chanjo na daftari mapajani, akimuuliza kila mama, "Huyu mlimuita nani?" Jioni ananakili jina kwenye rejista, kwenye mstari wa mtoto anayehusika. Kliniki za nje ya hospitali tulienda sisi manesi, tukibeba daftari. Rejista yenyewe haikuruhusiwa kuvuka geti. Hiyo ndiyo sheria pekee aliyowahi kutuwekea.

Kwa sababu ya kazi hiyo, mwezi wa Agosti sisi wafanyakazi tuliiomba bodi ichore jina lake kwenye mlango wa chumba kipya cha rekodi. Bodi ilijibu kwa adabu. Ilisema inamthamini sana Sista, lakini ndani ya faili yake kuna barua ya onyo ya Machi 2004, kwa sababu ya rejista iliyoharibiwa na maji ikiwa chini ya ulinzi wake, na kwamba ni vigumu kuupa mlango wa rekodi jina la mtu aliyepoteza rekodi. Miaka thelathini na minane, barua moja, na ndiyo hiyo iliyosimama mlangoni.

Wote mnaijua hadithi ya dirisha lililoachwa wazi mvua ikaingia. Mvua ikianza tu kunyesha, lazima mtu mmoja apite chumba cha rekodi akiuliza, "Sista, umefunga?" Watoto waliozaliwa mwaka huo wa barua sasa ni manesi hapa, nao pia wanauliza. Yeye hujibu kwamba amefunga, na kwamba wewe nenda ukafunge mdomo wa chupa za dawa.

Rejista hiyo ilikuwa ya kuanzia Agosti 2003 hadi Februari 2004. Hasara yake niliiona vizuri zaidi mwaka wa 2022, mwezi wa pili, wakati Bi. Shamso, mke wa Hamud anayeuza mbuzi Emali, alipokuja na binti yake Ilhan. Ilhan alikuwa ametimiza miaka kumi na minane. Kwenye ofisi ya vitambulisho, kwa sababu ya jina lake, alikuwa ameulizwa maswali mengi kuliko wenzake, na akaambiwa asirudi bila karatasi ya hospitali. Ukurasa wake ulikuwa mmoja wa zile zilizoharibika.

"Mimi nilizalia hapa," Bi. Shamso alisema. "Kitanda cha karibu na mlango. Mkaniletea uji, nikakataa."

"Mama, kama ulikataa uji, kuna mtu aliandika," Sista akamwambia. "Manesi huandika uji kabla ya homa."

Ndipo tukaanza kutafuta katika vitabu vya ripoti, vile ambavyo nesi anayetoka zamu humwandikia anayeingia. Hospitali nyingi huvitupa. Sista alikuwa ameviweka vyote, ndani ya maboksi ya maziwa ya unga. Tulitafuta siku nne. Mimi nilibeba maboksi na kupiga chafya. Siku ya tatu mzee mmoja kwenye benchi alimwambia Sista kwamba angefunga tu lile dirisha zamani, binti wa watu hangekuwa anateseka. Sista aliendelea kufungua kurasa. Nami nikaendelea kushika boksi.

Siku ya nne tukaipata, kwa mkono wa marehemu Sista Kasyoka: kitanda cha pili, Bi. Shamso wa Emali, amejifungua mtoto wa kike saa tano asubuhi, kilo tatu na robo, mama na mtoto hawajambo. Uji amekataa. Ameomba chai ya iliki. Iliki hatuna.

Ilhan alimsomea mama yake kwa sauti. Bi. Shamso akauliza, "Na sasa mnayo?"

Hatukuwa nayo. Lakini Ilhan alitoka na barua yenye muhuri, na mwaka uliofuata alikuja kutuonyesha kitambulisho. Sista alikishika, akakigeuza nyuma na mbele, akasema picha ingeweza kuwa nzuri zaidi.

Sasa niandike ripoti ambayo sikuiandika.

Februari 2004 nilikuwa na wiki saba kazini, bado nikiwa katika majaribio. Siku ya kliniki ya Mukuyuni Sista alinipa daftari la majina. Mimi niliona kuandika kwenye daftari kisha kunakili ni kufanya kazi moja mara mbili. Nikaichukua rejista yenyewe, nikaifunika kwa shuka, nikaivusha geti. Majina niliyaandika vizuri sana. Ilikuwa pia siku ya soko, na Jumamosi hiyo nilikuwa natarajiwa Mbumbuni kwa wazazi wa Syombua, ambaye leo ni mke wangu. Nilinunua gunia la ndengu la kupeleka. Mbele kwenye pikapu kulikuwa na nafasi ya Kaloki dereva, nafasi yangu, na nafasi ya kitu kimoja. Kitu hicho kilikuwa rejista. Mawingu yalipokusanyika, mwezi ambao hatukuyatarajia, nilimwambia Kaloki asimame. Nikatoa rejista nikaiweka nyuma, peupe, nikaingiza ndengu mbele. Nilimweleza kwamba ndengu ikinyeshewa inaota. Kitabu kikinyeshewa kinafanya nini, sikujiuliza. Mvua ilitusindikiza mpaka getini.

Sista alikuwa anangoja. Aliangalia nyuma ya pikapu, kisha akaangalia mbele.

"Ndengu imefika salama?" akaniuliza.

Nikamwambia imefika.

Siku tatu alianika kurasa moja moja kwenye kamba ya kufulia, katikati ya shuka, na kuzipiga pasi ya makaa. Aliokoa mia moja na kumi na mbili. Zilizobaki zilikuwa uji. Msimamizi alipoitisha maelezo, Sista alijibu maneno manne: "Rejista iko chini yangu." Mimi nilimfuata nyuma ya jengo la kufulia nikamwambia nitaenda kusema. Akasema, "Wewe uko kwa majaribio. Watakufukuza hata wakwe hujawaona. Mimi barua moja haitaninyima usingizi." Nilifurahi kumtii. Kaloki alinyamazishwa kwa gorogoro mbili za ndengu. Na watu walipouliza kwenye chai maji yaliingiaje chumba cha rekodi, mtu mmoja alisema labda dirisha liliachwa wazi. Mtu huyo ni mimi. Sista hajawahi kuacha dirisha lolote wazi. Nililitunga nikiwa na kikombe mkononi, na kwa miaka ishirini na moja mmekuwa mkilicheka, nami nikicheka pamoja nanyi.

Tarehe tatu mwezi huu niliyaandika haya yote kwa bodi, kurasa tisa. Bodi ilikutana tarehe kumi na tatu. Barua ya Machi 2004 imetolewa katika faili ya Sista, na Mulei fundi ameanza kuchora jina mlangoni, MUTANU, kwa rangi nyeusi, herufi zikienda juu kidogo upande wa kulia. Nilimpelekea Sista habari nikiwa nimejiandaa kulia. Aliendelea kufunga fundo la kamba kwenye boksi, akasema nimechukua miaka ishirini na moja kuandika ripoti ya siku moja, akauliza kama nimekumbuka kutaja zile kurasa mia moja na kumi na mbili alizookoa. Sikuwa nimezitaja. Nimezitaja hapa.

Sista Mutanu, mwaitu, mama yetu, kwa niaba ya wote uliowatafutia jina lao ukawapatia, asante. Ulale mpaka jua lipande, ule Krismasi kwako ukiwa umeketi, na mgongo wako upumzike kweli safari hii. Unaenda nyumbani na faili safi. Barua ya onyo bodi imeandika nyingine, yenye jina langu na tarehe ya juzi. Nimeisoma mara tatu. Ni fupi, imeandikwa vizuri, na kila neno ndani yake ni kweli.