Maisha ya Dada Bonge, Ambaye Picha Yake Haikupunguzwa

Jina lake la ubatizo limeandikwa msalabani. Hapa familia inamwita Dada Bonge, kwa kuwa ndilo aliloliitikia tangu utotoni. Ukimwita lile jingine alikuwa akiuliza kama kuna polisi mlangoni.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba seremala na mama muuza vitambaa. Mkunga aliyempokea alilalamika kwamba mikono yake imechoka kabla mtoto hajalia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1978 hadi 1984, akamaliza sekondari mwaka 1988. Siku ya picha ya darasa mwalimu alimpeleka mstari wa nyuma ili asiwafunike wenzake. Alikwenda bila kinyongo, ila alimwambia mwalimu kwamba wenzake wangekaa nyuma yake wangepata kivuli.

Mwaka 1990 aliajiriwa katika studio ya picha, akafundishwa kusafisha sura za watu kwa brashi nyembamba na penseli. Kompyuta zilipoingia alijifunza upya, na mwaka 1999 akachukuliwa na jarida la mitindo la wanawake. Kazi yake ilikuwa kufuta chunusi, kubana viuno na kupunguza mikono ya wanamitindo, ambao wengi wao walikuwa wembamba tayari. Alikuwa hodari, na jioni alikuwa akisema kwamba leo amewakondesha watu saba, yeye mwenyewe hajapungua hata kidole.

Mwaka 2004 mama wa mwanamitindo mmoja alifika ofisini akiwa na jarida mkononi. Binti yake alimwagikiwa maji ya moto utotoni, na kovu la mkononi halikuwepo pichani. Alimuuliza Dada Bonge, "Kovu lile nimelipigia magoti hospitalini. Mmelipeleka wapi?" Tangu siku hiyo, kila picha iliyopita mikononi mwake Dada Bonge aliiachia kitu kimoja, kovu, baka au mkunjo wa shingo, akakiita alama ya mama, ili mzazi akifungua jarida amtambue mwanawe. Mhariri alikuwa akimwambia kwamba amesahau mahali. Alijibu kwamba hajasahau, akaendelea na kazi.

Alifunga ndoa kanisani tarehe 12 Julai 1997 na dereva wa malori. Siku aliyomchumbia, dereva huyo alimwambia kwamba amezoea mizigo ya maana. Mzaha huo marehemu ndiye aliyeusimulia kwenye kila harusi aliyoalikwa, na mume alikuwa akiangalia chini. Mungu aliwajalia binti na mtoto wa kiume.

Katikati ya mwaka 2021 alianza kupungua bila kukusudia. Ofisini walimpongeza. Walimuuliza anakula nini, akasema anakula kama kawaida ila haoni tena raha ya chakula, nao wakamwambia anawaficha siri. Magauni yakapelekwa kwa fundi kubanwa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaombwa asimame mstari wa mbele. Februari 2022 jarida lilichapa picha zake mbili, "kabla" na "baada", pamoja na maneno ambayo hakuyasema, kuhusu maji ya ndimu na kuacha chakula cha jioni. Familia haitaficha: alifurahi. Nakala moja aliiweka mezani sebuleni.

Mama yake peke yake hakuisifu. Aliitazama picha ya pili kwa muda, akamwambia, "Mwanangu, huko si kupungua. Huko ni kuisha."

Alikwenda hospitali mwezi Mei. Ilikuwa saratani ya tumbo, na ilikuwa imeshasambaa. Daktari alimuuliza kwa nini amechelewa kiasi hicho. Alijibu, "Daktari, kila mtu alikuwa ananipongeza."

Wakati huo wasomaji walikuwa bado wanampigia simu kuomba siri yake. Fundi cherehani wa mtaa wa pili alifuata yale maji ya ndimu, akaacha kula jioni, mpaka akaanguka juu ya mashine yake. Alipona, lakini habari hiyo ilimuumiza Dada Bonge kuliko tumbo. Alimwomba mhariri achape mistari michache ya kusahihisha. Mhariri, ambaye alimtembelea mara nyingi na kwa upendo, alimwambia kwamba wasomaji hawapendi habari za huzuni, apone kwanza, wataandika vizuri. Mhariri alipoondoka, mgonjwa alimgeukia mdogo wake wa mwisho, anayesoma wasifu huu, akasema, "Basi kaisome makaburini. Kule hakuna mhariri."

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2022, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama yake.

Picha iliyo mbele ya ratiba hii ya mazishi ni ile ya "kabla". Aliichagua mwenyewe. Mpiga chapa alijitolea kuilainisha shingo kidogo bila malipo. Binti wa marehemu alimshukuru, akamwomba aondoe mkono wake kwenye kompyuta.

Marehemu ameacha mama, mume, watoto wawili, ndugu watatu, na mjukuu mmoja wa kike, ambaye mashavu yake yameshampatia jina la Bonge Mdogo.

Na haya ndiyo masahihisho yake, kama alivyoyatamka:

"Sikuwa na siri. Nilikuwa mgonjwa. Msinywe ndimu kwa ajili yangu. Anayepungua bila kutaka aende hospitali, na anayempongeza amsindikize."

Mungu, aliyemuumba asione cha kurekebisha, ampokee kama alivyo, na ampe pumziko la amani. Amina.