Shubiri ya Kumwachisha Mtoto Ziwa

Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Wacera angeanza kazi kiwandani, na mwanawe bado hajaachishwa ziwa. Ndiyo maana, ndani ya basi la Kayole, masikio yake yote yalihamia kiti cha mbele, alikoketi mama mmoja amepakata mkebe wa shubiri yenye maua mekundu.

"Hii inatibu malaria, vidonda, tumbo, hata kuku wakiharisha," mama alimwambia mzee aliyekaa kando yake, asiyemjua hata kwa dawa.

"Na wafu je?" mzee akauliza.

"Cheka tu, baba. Ukitaka mtoto aache ziwa, mamake anapaka hapa." Akajigusa kifuani, mzee akageukia dirisha kwa heshima. "Siku moja tu, mtoto hataki kuona hata blauzi."

"Mke wangu alipaka, mama. Aliyeacha ni mimi."

Basi zima likacheka. Wacera hakucheka, alikuwa akihesabu siku. Mwanawe naye, aliyekuwa mapajani pake, alikuwa na shughuli zake: alinyoosha mkono juu ya kiti, akavunja ncha ya jani, akaitia kinywani. Watu wakanyoosha shingo kungoja kilio. Mtoto akakunja uso, akafikiri kidogo kama karani, kisha akaendelea kumumunya.

"Mama, hiyo ni peremende," mzee akasema.

"Dawa haina neno! Huyo mtoto ndiye ana kasoro!"

Kondakta akagonga bati, basi likasimama. Wacera akashuka na mtoto anayelia kwa nguvu, mikono yote miwili ameielekeza kwenye mkebe.