Mkungu Nilioubeba Angani

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, vijana wenzangu, wanachama wote wa chama chetu cha machela hapa Kamuli na ninyi mliotembea kutoka Mabira, nashukuru kwa nafasi. Mwenyekiti ameniambia niseme kwa kifupi. Karatasi hii nimeiandika mara nne, na kila nikiisoma naona mahali ambapo mtu ataguna. Guneni tu. Nastahili.

Kama kuna aliyekuja kusikia raha ya kurusha ndege ya kivita, arudi nyumbani akamenye ndizi. Miaka mitatu niliyokaa ndani ya ile ndege sikuona raha ambayo ningemtakia hata ng'ombe wa jirani. Niliona fahari, na fahari ile naidharau kuliko nzi wa chooni. Wa kwanza ninayemdharau ni mimi mwenyewe, kwa hiyo msiwe na haraka. Zamu zenu zitafika.

Wengi wenu mnaikumbuka vita ya mwaka sabini na nane. Ndege zilipita juu ya migomba yetu, sisi tukalala kifudifudi kwenye matandazo ya kahawa. Nilikuwa na miaka kumi. Marehemu baba alinikandamiza kichwa, udongo ukaingia mdomoni. Mtoto mwenye akili angeomba: Mungu, tuepushe. Mimi niliwaza: aliye kule juu hali udongo. Wazo hilo moja nililitafuna mpaka nikamaliza shule, nikamaliza chuo kikuu na shahada ya fizikia, kisha nikaenda jeshini kuomba wanifundishe kurusha.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana najua mnavyosema. Nimesikia kwa masikio yangu, watu wakinywa lubisi ya ndizi: "Rubani anaugua nini? Kazi yake si kukaa?" Ndugu yangu uliyesema hivyo, uko hapo benchi la tatu, sikutaji. Ni kukaa, kweli. Lakini ndege ile ikikata kona kwa kasi, kila kitu mwilini kinakuwa kizito mara tano, mara sita. Mkono unaubandua pajani kama unang'oa kisiki. Damu inakimbilia miguuni na kukiacha kichwa kitupu. Tulivaa suruali inayojaa upepo ikatubana mapaja na tumbo, damu isishuke yote. Juu ya hapo unakaza miguu na tumbo mwenyewe, unavuta pumzi kwa vipande vifupi, kama mnavyosukuma lori lililokwama kwenye tope la mlima wa Kaisho. Ukilegea, kwanza rangi zinapotea, nyasi na anga vyote vinakuwa majivu. Kisha unaona kana kwamba unachungulia ndani ya bua la jani la mpapai. Kisha giza, na macho umeyafumbua. Masikio bado yanasikia mwalimu akikutukana kwenye redio.

Ukishuka, umelowa jasho, kiuno kama kimetwangwa, na kwenye mikono na makalio una vidoti vyekundu, mishipa midogo iliyopasuka. Ndugu zangu, nawaambia, tulikuwa tunavua mashati na kuonyeshana vidoti hivyo kama wasichana wanavyoonyeshana shanga mpya. Wanaume wazima! Wenye vyeti!

Balaa langu lilikuwa shingo. Rubani wa kivita anafundishwa kutazama nyuma, kwa sababu adui hutokea nyuma. Kwa hiyo katikati ya ile kona, uzito ukiwa mara sita, unageuza shingo na kuutafuta mkia wa ndege yako. Siku moja niligeuza hivyo, nikasikia kitu kikilia ndani ya shingo kama kijiti kikavu kinavyovunjika. Moto ukashuka begani mpaka kidole gumba.

Mtu wa kawaida angekwenda kwa daktari. Mimi daktari alinijia mwenyewe, maana kila baada ya muda alitukagua.

"Shingo?"

"Safi, afande."

"Mgongo?"

"Safi, afande."

"Mbona unaandika kichwa kimelala upande?"

"Nimezoea tangu shule, afande."

Nilidanganya kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa amesema ukweli kuhusu mgongo wake. Alisimamishwa kuruka, na tangu siku hiyo kila alipoingia bwaloni walimwita Abiria. "Abiria, umelipa nauli?" "Mpisheni Abiria akae dirishani!" Nami nilicheka. Nilicheka kuliko wote, kwa sababu siri ya namna ileile ilikuwa shingoni mwangu. Kicheko kile kinanitia kichefuchefu hadi leo. Tulikuwa tunasoma vipimo ishirini kwa kupepesa jicho, lakini mwili mmoja wa binadamu ulitushinda kuusoma. Na tulijiita watu teule.

Mimi ni mtu wa kuwaza, mnanijua. Nikapiga hesabu: nikisema, nitaitwa Abiria. Nisiposema, huenda itapona. Ikipona, kusema kungekuwa kujiaibisha bure. Isipopona, bado nitakuwa na nafasi ya kusema baadaye. Hesabu hiyo niliizungusha miezi na miezi, hadi siku vidole vyangu viliposhindwa kushika kijiko na maharage yakamwagika mbele ya mkuu wetu. Wakanipima, wakaniondoa kwenye urubani. Sikungoja waniite jina. Niliomba kuacha kazi, nikarudi hapa nyumbani kwa shangazi, dada yake baba.

Na hapa zamu zenu zinaanza. Mlinipigia saluti barabarani. Mliniita kutoka nyuma, sikugeuka, mkasema ndege imemjaza maringo. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini mtu anatembea kama amemeza fimbo. Nami nikawaacha mseme, maana niliona heri kuitwa mwenye maringo kuliko kuitwa mgonjwa. Hiyo ndiyo akili ya msomi wenu.

Sheria yetu hapa mnaijua: mgonjwa akizidiwa, kila nyumba inatoa mtu wa kubeba machela kwenda hospitali ya misheni, na nyumba isiyobeba haitabebwa. Mara mbili nilituma udhuru wa malaria. Mara ya tatu alikuwa mama mjamzito, uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto hatoki. Mjumbe akasimama uani kwa shangazi.

"Rubani yupo?"

"Yupo."

"Leo pia ni malaria?"

"Muulize mwenyewe," shangazi akasema, akaendelea kupepeta maharage.

Ningeweza kusema neno moja tu: shingo. Sikulisema. Nilikwenda, nikashika mti wa mbele kushoto, upande uleule mbovu, ili nisionekane nachagua.

Tulipoanza kushuka kuelekea kijitoni, aliyekuwa nyuma yangu akaita, "Rubani! Badili bega!" Nami, mti ukiwa begani na mama wa watu juu yake, nikageuza shingo kutazama nyuma. Kama nilivyofundishwa. Mkono ukafa papo hapo. Mti ukaponyoka, pembe yangu ikaanguka, yule mama akaviringika hadi ukingoni mwa machela akipiga ukelele. Wenzangu watatu walipiga magoti na mti mabegani, mzee mmoja akamdaka kiunoni. Hakuanguka. Lakini nusura niue watu wawili, mmoja hajazaliwa, ili tu nisichekwe.

"Huko angani ulikuwa unaangusha nini?" mmoja akafoka.

"Mtoe huyo! Akili yake imebaki mawinguni!"

Aliyenitetea alikuwa mama mwenyewe, amelala pale, jasho linamtoka. Akasema, "Mwacheni. Mtazameni mkono wake."

Wakatazama. Ulikuwa unaning'inia kama jani la mgomba lililovunjika. Mwanamke aliye kwenye uchungu siku nzima ndiye aliyepata nafasi ya kunitazama. Ninyi wazima hamkuwa nayo. Basi, nimemaliza na ninyi.

Mwingine akachukua mti wangu, wakaenda. Mimi nikabaki nimekaa kando ya njia. Habari zilifika nyumbani kabla yangu, na shangazi akashuka kunifuata. Hakunipa pole. Alikaa, akasema, "Haya, sema." Nikasema yote, tangu kijiti kilipovunjika.

"Hicho kichwa na kofia yake, uzito gani?"

"Kama kilo saba, shangazi."

"Mara sita?"

"Mara sita."

Akahesabu kwa vidole. "Huo ni mkungu. Mkungu mkubwa wa sokoni."

"Ndiyo."

"Na ukiwa nao kichwani, ukageuza shingo kutazama nyuma?"

"Ndivyo tulivyofundishwa."

"Ee waitu!" Akapiga makofi mara moja. "Mtoto wa miaka saba hapa anajua. Una mzigo kichwani, umeitwa: unasimama, unageuka kwa miguu, mwili mzima. Serikali nzima haikuwa na mtu mmoja aliyewahi kubeba ndizi?"

Nilitaka kumweleza kwamba angani hakuna pa kusimama. Nikaona ni hoja ya kipumbavu, nikanyamaza. Nadhani ni mara ya kwanza maishani nimenyamaza kwa sababu nzuri.

"Kwa nini hukusema?" akauliza.

"Wangenicheka."

"Na sasa je, hawajacheka?"

Ndugu zangu, hesabu yangu yote ya miezi na miezi iliishia hapo. Kile nilichokiogopa kilikuwa kimeshanipata, na nilikuwa bado hai, nimekaa kwenye nyasi.

Jioni wabebaji walirudi na machela tupu. Nilisimama mbele yao, nikasema kwa sauti, "Siwezi kubeba. Shingo yangu iliharibikia kwenye ndege. Nimewaficha, na leo ningeua." Kisha yule aliyenifokea akashusha machela chini. "Basi lala," akasema. "Tukupeleke. Ila usituelekeze njia, sisi hatuna rubani." Wakacheka, nami nikacheka, na safari hii kicheko hakikunitia kichefuchefu. Walikuwa wametoka huko huko, miguu imechoka, wakaifuata njia ileile tena. Nikawa abiria kamili juu ya mabega manne, nikilitazama anga bila kugeuza kitu.

Hospitalini waliniambia pingili za shingo zimebana mshipa wa fahamu, na kwamba ningechelewa zaidi mkono usingerudi. Nilivaa kola ngumu, nikafanya mazoezi ya kuinua chupa ya maji kama mtoto mchanga. Ilichukua karibu mwaka. Vidole vimerudi, isipokuwa kidole gumba, ambacho bado kina ganzi kidogo. Siku ya kwanza kufunga vifungo vya shati mwenyewe, nilivifunga na kuvifungua mara tatu.

Namshukuru yule mama. Yuko hapa leo na binti yake mgongoni, salama wote wawili. Nawashukuru walionibeba, hasa yule aliyenifokea, maana alikuwa na haki ya kufoka na bado alibeba. Nawashukuru kwa kunipa kazi ninayoiweza: natangulia mbele ya machela, nataja jiwe, mfereji na utelezi. Nyumba yetu inahesabiwa kuwa imebeba.

Nina ombi moja. Kabla hatujashika mti, mjumbe amuulize kila mtu: "Bega?" Anayejibu bovu apewe kazi nyingine, asipewe jina. Nilikotoka tulikuwa na watu hodari wanaoulizwa kila mara na kudanganya kila mara, kwa sababu ya jina. Miili yao inaharibika hivi ninavyosema, na bado wanaonyeshana vidoti. Nawadharau, na nawahurumia, na sijui ni kipi zaidi. Sisi tusifanane nao. Mwili ukishasema, nawe sema, siku ileile.

Nimebakiza mmoja wa kumshukuru. Shangazi ameketi nyuma yangu, naye hapendi kusifiwa na mtu aliyempa mgongo. Nivumilieni kidogo. Nasimama sawasawa, kisha nageuka kwa miguu.