Benchi Lililolipa Bonde Mgongo

Pietralenta, kijiji chetu cha mawe huku Italia, kiko juu ya kilima, na benchi letu liko kwenye uwanja wa kanisa. Mbele yetu ni mlango wa mkahawa wa Nives na kila anayepita. Nyuma yetu, ng'ambo ya ukuta mfupi, ni bonde zima. Asubuhi ile ya Septemba walikuwepo wale wa kila siku, nami pembeni: Kengele, anayepiga kengele ya kanisa, Injinia, aliyewahi kutengeneza trekta moja miaka arobaini iliyopita, na Osvaldo, fundi mwashi mstaafu. Mwezi uliotangulia Osvaldo alianguka kwenye mizabibu yake. Sasa binti yake Loredana alikuwa njiani kutoka Torino kuja kuchukua jibu: baba atahamia kwake, au atabaki peke yake kwa msimu mwingine wa baridi?

Habari hiyo tuliikwepa kwa kumjadili mgeni. Marijke, Mholanzi, alikuwa amepanga nyumba ya kinu cha zamani cha kusagia kwa wiki moja ya mapumziko. Hakwenda kuona ngome wala picha za kanisani. Kila asubuhi alikaa juu ya ukuta, miguu ikining'inia, akalitazama bonde mpaka chakula cha mchana.

— Daktari kamwandikia, alisema Kengele. Kwao hakuna mlima. Macho yanakaa bure.

— Daktari wapi. Yule anapima, Injinia alishusha sauti. Watapitisha treni chini yetu.

— Apime na nini? Hata kamba hana.

— Kwa macho. Siku hizi wanasomea.

Kengele akaona treni ni jambo dogo. Kufikia kikombe cha pili, mama yule alikuwa ametumwa na tajiri anayetaka kukinunua kilima cha ng'ambo, akikate vipande na kukisafirisha kwa meli hadi Uholanzi. Injinia alikubali kwamba inawezekana, ila akatilia shaka bandari.

— Labda anatazama tu, Osvaldo akasema.

Wakamcheka.

— Tangu saa mbili, bwana? Anatazama nini?

Marijke akashuka ukutani, akaagiza kahawa, akaomba kukaa. Osvaldo akasogea. Kiitaliano chake mgeni alikipata kwenye masomo ya jioni, akikitamka polepole.

— Samahani, wazee wangu. Kwa nini benchi limegeuziwa huku?

Injinia alisema ni upepo. Kengele alisema ndivyo lilivyo. Kisha tukamgeukia Osvaldo, maana ni yeye na baba yake waliolikaza kwa saruji.

— Kule bondeni kulikuwa ni kazini, bibi, akasema. Ukipanda jioni mgongo umekatika, hutaki kupaona tena. Unataka kuona watu.

— Na sasa?

Osvaldo akaweka kikombe chini, akalizunguka benchi, akaketi ukutani. Mmoja mmoja tukamfuata.

Ukungu ulikuwa ukiachana na mto. Ikatoka mizabibu, safu baada ya safu, kisha mizeituni, kisha minara ya vijiji vya wenzetu, kilima nyuma ya kilima, mpaka pale milima inapofanana na mbingu. Tulijua shamba lipi lina mawe, kisima kipi hukauka Julai, na nani alifia chini ya mti upi. Lakini yote kwa pamoja, kwa mara moja, sikuwa nimewahi kuyaona. Kengele alivua kofia. Saa sita ikapita bila kengele, na Nives akatoka mlangoni kuuliza nani amekufa.

Ndivyo Loredana alivyotukuta, migongo yetu ikimtazama. Alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri, na funguo zilikuwa bado mkononi.

— Baba, umeamua?

— Kibarazani kwako, mwanangu, mtu akikaa anaona nini?

Loredana angeweza kudanganya.

— Jengo la jirani.

Osvaldo akamwonyesha kwa kiganja mahali pa kukaa kando yake, juu ya jiwe lililokwisha kupata joto.

— Basi uwe unakuja Jumapili. Mimi bonde hili ndiyo kwanza nimeanza kulitazama.