Mama Anza Upya, Mwalimu wa Wahandisi

Ndugu, jamaa na marafiki, mama yetu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa karani wa posta na mkunga. Kwao walikuwa tisa, na pale mezani aliyezungukazunguka kwenye maneno alikuta sahani tupu. Marehemu alijifunza mapema kusema lake likaeleweka.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1981 akahitimu ualimu wa lugha. Mwaka uliofuata aliajiriwa na chuo cha ufundi kuwafundisha wanafunzi wa uhandisi stadi za mawasiliano: kuandika ripoti, kusimama mbele ya watu, kueleza hatari kwa asiyeijua. Wanafunzi waliliona somo hilo la kupotezea muda. Walikaa nyuma na vikokotozi vyao wakifanya hesabu za masomo mengine.

Tarehe 4 Agosti 1984 alifunga ndoa na fundi cherehani, baba yetu, aliyekaa hapa mbele. Baba alizoea kumfuata kazini jioni na kumsubiri ndani ya darasa. Siku moja, mwanafunzi akiwa katikati ya maelezo, Baba alinyanyuka akatoka. Njiani Mama akamuuliza kulikoni.

"Nilishapotea zamani," Baba alisema. "Nikaona nisimsumbue kijana wa watu."

Wiki iliyofuata Mama alimwekea kiti mbele. Baba akienda mlangoni, msemaji anaanza upya. Hapo ndipo Mama alipopata jina la Mama Anza Upya, ambalo wanafunzi walidhani halijui.

Kijana mmoja, moto wa kuotea mbali kwenye hesabu, aliuona mgongo wa Baba mara tatu katika mtihani mmoja wa kueleza tangi la maji. Uvumilivu ukamwishia.

"Mwalimu, huyu mzee anashona nguo. Presha ya maji ataijulia wapi?"

"Haijui," Mama alimjibu. "Na watakaoishi chini ya tangi lako hawaijui. Anza upya."

Kijana akafuta ubao wote, akamgeukia Baba. "Mzee, tangi hili likijaa, ukuta unaanguka hapo ulipokaa."

Baba akanyanyuka. Kijana akafumba macho. Baba akabeba kiti chake, akahamia upande wa pili wa chumba, akakaa. Kijana yule alifaulu, na leo ni miongoni mwa wabeba jeneza.

Septemba 2021 sauti ya Mama ilianza kukwaruza. Hospitalini daktari alieleza kwa maneno ya vitabuni, akatusogezea karatasi ya kusaini, akasema nafasi ya upasuaji ni kesho asubuhi au tusubiri sana. Mimi, binti yake mkubwa, nilikuwa nimeshashika kalamu, nikiitikia kwa kichwa mambo nisiyoyaelewa. Baba akachukua kofia yake, akaenda mlangoni. Daktari akadhani amekasirika.

"Hajakasirika," Mama alisema kwa sauti iliyombakia. "Amepotea. Daktari, anza upya."

Daktari akavuta kiti. "Tukimpasua, hatasema tena. Tukiacha, uvimbe wa kooni utaziba pumzi."

Baba akarudi akakaa. Mimi nikatamani daktari arudie yale maneno yake magumu.

"Pasueni," Mama akasema. "Nimeshasema vya kutosha."

Alirudi darasani bila sauti, akaweka kiti cha pili kando ya Baba. Wanafunzi wakawa na watu wawili wa kuogopa.

Uvimbe ulirudi Februari mwaka huu. Mama alikufa nyumbani, Jumanne tarehe 11 Juni 2024 asubuhi. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, ndugu wanne, na wahandisi wengi wanaoeleweka.

Tangu Jumanne Baba hakuwa amesema neno, wala kula, na tuliogopa kwamba tutazika wawili. Jana nilimsomea wasifu huu sebuleni. Penye kifo nilikuwa nimeandika kwamba Mama amepumzika, ametutangulia, ametwaliwa. Baba akanyanyuka akaenda mlangoni, akasimama pale amenipa mgongo. Nikayakata yote, nikaanza upya.

"Baba, Mama amekufa. Ulikuwa umemshika mkono. Harudi."

Akarudi, akakaa, akalia.

Pumzika kwa amani, Mama. Baba ameelewa.