Chuma, Dada Yetu Aliyesugua Kabla ya Kupaka

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Chuma, alizaliwa tarehe 4 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi wa kuchomelea vyuma na mshona nguo. Alilelewa kwenye chumba cha nyuma ya karakana, na mama anasema alijua kushika nyundo kabla ya kijiko.

Alisoma hadi darasa la saba. Huko nako hakukosa vituko. Mvulana mmoja alimwita Masizi, akang'olewa jino kwa kifutio cha ubao. Mwalimu mkuu alipomuuliza kama anajuta, alijibu, "Ndiyo, Mwalimu. Nililenga pua."

Kuanzia 1990 kazi yake ilikuwa kutunza majiko ya kuni, yale ya chuma, kwenye mabweni, hoteli na kwa waoka mikate. Alikwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka chuma kibaki kitupu, akafuta mafuta yote, akapaka rangi nyeusi ya kustahimili joto, kisha akawasha moto mdogo ili rangi ikomae. Moto mkubwa ulisubiri zamu yake. Mpishi mmoja alimwagia maji baridi jiko lililokuwa linawaka, likapasuka. Chuma alimkimbiza na koleo hadi barabarani.

Mwaka 1998 aliolewa na fundi rangi wa nyumba. Shemeji alikuwa akimcheka: "Siku nzima unasugua tu! Mimi ningeshamaliza kupaka nyumba nzima." Ndoa ile ilikuwa ya ngumi. Alivunjwa mkono, naye akamvunja mwenzake pua. Wazee wakamwambia avumilie. Nalisema hili mbele yao, na bado linaniuma.

Niliombwa niandike kwamba aliugua. Hakuugua. Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2014, shemeji alitupigia simu kwamba presha imemwangusha uani, na mwili uko hospitali. Tulipofika nyumbani kwao kesho yake, jiko la kuni la dada pale uani lilikuwa jeusi, linang'aa, harufu ya rangi bado mbichi.

"Nimelipendezesha kwa heshima yake," shemeji alisema huku analia.

Wageni walikuwa wengi, nikakoka moto mkubwa wa chai. Rangi ikatoka malengelenge kwenye kona moja, ikabanduka. Chini yake palikuwa na damu iliyoganda na nywele za dada yangu.

Shangazi akauliza, "Nani kapaka hapa bila kusugua?"

Sote tulimgeukia shemeji. Akatimua mbio. Kaka zetu walimkamata getini, na polisi wakamtoa mikononi mwao akiwa hana meno ya mbele. Daktari alithibitisha kuwa fuvu la dada lilipasuka kwa kugongeshwa tena na tena. Leo shemeji yuko rumande, na bahati yake ni kuta za huko.

Marehemu ameacha mama, watoto wawili, kaka zake na mimi mdogo wake. Jiko polisi wamelichukua. Likirudi, nitalikwangua hadi chuma kitupu, nipake, niwashe moto mdogo.

Dada apumzike kwa amani. Sisi bado.