Kuku wa Tukuyu

Katika basi la Mbeya kwenda Iringa, mwaka 1956, nilikaa nyuma ya Ikupa, Mnyakyusa aliyeolewa Kihesa pale Iringa, na mzee mmoja Mhehe aliyekuwa na maoni juu ya kila kitu. Mapajani mwa Ikupa, bintiye mdogo Tekla alikuwa akiongea Kinyakyusa na kuku aliyekuwa kapuni. Kuku alisikiliza vizuri kuliko mzee.

"Lugha mbili zitamvuruga huyu mtoto," mzee alisema. "Mfundishe Kihehe cha baba yake, basi."

"Baba, mimi sijamfundisha hata moja. Kwangu anaomba maji kwa Kinyakyusa, kwa baba yake kwa Kihehe. Hajakosea mtu."

"Mbona kuku hamsemeshi Kihehe?"

"Anasema kuku katoka Tukuyu, hatamwelewa."

Mzee akaguna. Kutoka Mafinga alirudia kwamba mtoto kavurugika, na Ikupa alicheka tu.

Basi liliposimama Iringa, Tekla akafunua kapu, akamnong'oneza kuku kwa Kinyakyusa. Ikupa akatutafsiria: "Anamwambia tumefika kwa bibi, ajifunze kusalimia."

Kisha Tekla akatamka polepole, kwa Kihehe safi: "Kamwene."

Kuku alinyamaza. Aliyeitikia ni mzee.